Abiria Asiyehema

Kioo cha nyuma kilikuwa kikavu.

Fundi aliliona hilo kwa pembe ya jicho alipogeuza shingo kuangalia ukingo wa barabara kwenye kona, na hakulitilia maanani. Tangu asubuhi vioo vya nyuma vilikuwa vimetanda ukungu wa pumzi za mama mkwe wake, aliyekuwa akihema kule nyuma kama mtu aliyepanda ngazi na gunia kichwani. Kila mara ilibidi fundi ashushe kioo chake kidogo ili mvuke utoke. Sasa vilikuwa vikavu, safi, unaona mawe na nyasi za kando ya barabara kana kwamba nyuma hakuna mtu. Lakini mtu alikuwepo. Kiti kilikuwa kimelia alipokaa, na pindo la shali lake la kijivu lilikuwa limening'inia karibu na breki ya mkono.

"Afadhali," fundi alijisemea. "Ameizoea hewa."

Akabadili gia, akaendelea kuteremka.

Tumrudishe nyuma kidogo, maana makosa yake hayakuanzia kwenye kioo.

Kazi yake ni kutengeneza majokofu, na wateja humwita Baridi. Ni mtu wa watu, ulimi wake haupumziki, akikutengenezea friji utacheka mpaka usahau bei. Mbele ya mama mkwe, hata hivyo, alikuwa bubu. Tangu amwoe binti yake, hakuwahi kumtazama yule mama usoni hata mara moja. Akimsalimia anaangalia chini. Akipewa chai anaipokea kwa mikono miwili, macho yako kwenye kisahani. Baba yake alimfundisha kwamba mkwe ni wa kuheshimiwa, na yeye heshima aliielewa hivi: usimtazame, usimguse, na chafya yake ukiweza usiisikie. Mama naye alilelewa hivyo hivyo. Wakikutana sebuleni ungedhani ni watu wawili wanaotafuta sindano sakafuni.

Sasa mkewe alikuwa mjamzito, miezi imetimia. Mimba ya kwanza ilikuwa imeharibika, na tangu hapo alikuwa mwoga wa kila kitu, hata wa kuinua sufuria. Fundi alimpachika jina Mama Kijacho ili kumchangamsha. Hakuchangamka. Alisema jambo moja tu: "Niletee mama yangu. Akiwa hapa sitaogopa." Na siku fundi alipowasha gari kwenda kumchukua, ng'ambo ya pili ya milima, mkewe aliinama dirishani akamwambia, "Nakukabidhi mama yangu. Mlete salama."

Alimkuta mama tayari, kajifunga shali lake, na mkoba wake wa mkononi umejaa dawa za miguu. Mama akaketi nyuma. Fundi, kabla ya kuondoka, alikishika kile kioo cha ndani cha kutazamia nyuma, akakigeuza kikatazama dari. Majirani waliokuja kuaga waliona, na mama akasema kwa fahari, "Mkwe wangu ana adabu."

Barabara ikaanza kupanda. Masikio yakaziba. Gari likapungua nguvu mpaka fundi akawa analisukuma kwa dua. Pakiti ya biskuti iliyokuwa juu ya dashibodi ikavimba kama mto wa kulalia, na chupa ya maji ilipofunguliwa ilitoa mlio wa kukasirika. Fundi alihisi kama mtu amemfunga kamba kichwani na anaikaza. Kule nyuma mama akahema, akahema. Hakulalamika, maana angemlalamikia nani?

Karibu na kilele palikuwa na kibanda cha chai. Mwenye kibanda alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa koti la kiume na kofia ya sufu, na hata yeye mwenyeji alikuwa akihema kila akiinua birika. Chai ilichemka upesi lakini haikuunguza ulimi. Huko juu maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Mwenye kibanda alimpelekea mama kikombe garini. Aliporudi, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Huyo mama midomo imeanza kuwa ya bluu," alisema. "Laleni hapa leo, mwili wake uizoee hewa. Nina chumba."

"Vyumba vingapi?" fundi akauliza.

"Kimoja. Kina nafasi."

Chumba kimoja, yeye na mama mkwe! Fundi alihisi masikio yanamwaka moto. "Tuna haraka, mama. Nyumbani kuna mgonjwa."

Yule mwanamke alitua birika. "Basi msisimame kileleni. Na akilazimika kushuka, mshike mkono, umpeleke na umrudishe. Usimwachie."

"Kuna wezi?"

"Kuna ukungu, na ukungu una wenyewe. Sisi huku juu sote tunahema, mwenyeji na mgeni. Ukimwona asiyehema, ujue huyo si mwenzako. Na hao hupenda gari ambalo abiria wake hatazamwi."

Fundi alicheka kwa heshima, akalipa chai. Majini hakuyadharau, alikulia akiyasikia. Kilichomchekesha ni kule kumshika mama mkwe mkono. Bora ashike waya wa umeme.

Wakafika kileleni, na ukungu ukawapokea, mzito, mweupe, umelala barabarani kama umepanga pale. Hapo ndipo sauti ya mama ilipotoka nyuma, dhaifu, ya kuzunguka.

"Baba... gari halihitaji kupumzika kidogo?"

Gari halikuwa na shida. Fundi alielewa. Alielewa pia jinsi ilivyomgharimu mama kusema hata hayo. Pengine alikuwa amejibana tangu kibandani. Akasimamisha gari pembeni, akashuka, akatembea mbele mpaka taa za gari zikawa mabaka mawili tu, akaupa mgongo mlima mzima. Akaona haitoshi. Akarudi, akafungua redio, akaongeza sauti. Huko juu redio haishiki kitu, ikawa inakoroma tu, na fundi akasimama katika mkoromo ule akiwa ameridhika kwamba hatasikia jambo lisilomhusu.

Mama kwa upande wake alikwenda mbali, nyuma ya mawe, mbali zaidi ya ilivyotakiwa, kwa sababu ile ile.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Kiti kikalia. Mlango ukafungwa.

"Twende," ikasema sauti.

Fundi akaingia, akazima redio, akaanza kuteremka upande wa pili.

Kwa hiyo hapo ndipo tulipo, na kioo ni kikavu.

Alipozoea ukimya ndipo alipoanza kuusikia. Aliwasha kipasha joto, miguu yake ikapata moto, lakini kisogo kilimzizima. Kukawa na harufu. Aliijua, na kuijua ndiko kulikomsumbua: ni harufu ya friji lililozimwa likafungwa miezi mingi, siku unapolifungua.

"Mama, kichwa kimepungua?"

"Kimepungua."

Sauti ilikuwa yake. Ni kweli ilikuwa yake. Ila ilikuwa kama chai iliyosahaulika mezani.

"Muda si mrefu mtandao utarudi, tumwambie Mama Kijacho kwamba tumevuka."

"Tumevuka."

Fundi akakaza mikono kwenye usukani. Simu ikalia, ni mkewe.

"Mmefika wapi? Mama yuko salama? Mpe simu niongee naye."

Bila kugeuka, fundi aliipitisha simu juu ya bega. Ikachukuliwa. Vidole havikumgusa. Alisubiri asikie salamu, kicheko, neno lolote la mama na mwana, na hakusikia kitu, mpaka simu ikawekwa polepole begani kwake, baridi kiasi kwamba sikio lilimuuma alipoipokea.

"Mbona hasemi?" mkewe aliuliza. "Nasikia upepo tu. Mmefungua madirisha?"

Madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

Angesema pale pale. Angesema, mke wangu, kuna jambo haliko sawa, nisaidie. Badala yake alisema, "Amechoka na safari. Amepitiwa na usingizi. Usijali," akakata simu. Uongo ulimtoka laini.

Kioo kilikuwa pale, juu ya kichwa chake, kinatazama dari. Kukigeuza tu. Mkono wake ukaenda, ukarudi. Je, kama ni yeye? Kama ni yeye, amelegea, shali limemwanguka, mdomo wazi, na macho yao yakutane? Atauweka wapi uso wake? Mkono ukaenda tena, ukaishia kukuna kichwa. Mtu mzima, baba mtarajiwa, anateremka mlima na asichokijua mgongoni, na anachoogopa ni kuonekana hana adabu! Ningekuwa karibu ningemzaba kofi. Lakini sikuwa karibu, naye akashuka kona nyingine, na nyingine.

Mwishowe alifanya jambo ambalo halikuhitaji macho. Akasimama, akazima injini, akasikiliza. Alisikia moyo wake. Alisikia pumzi yake mwenyewe, fupi, ya kukimbia, kwa sababu hata hapo bado palikuwa juu sana na hakuna kifua cha binadamu kinachotulia. Nyuma yake hakukuwa na pumzi yoyote. Kisha, bila kuulizwa, sauti ikasema karibu sana na kisogo chake:

"Mama Kijacho anatusubiri."

Fundi aliwasha gari akaligeuza palepale, tairi moja likining'inia ukingoni, akaanza kupanda kuelekea kule alikotoka. Nyuma yake sauti ikasema, "Nyumbani ni mbele," kisha ikasema tena, "Nyumbani ni mbele," kwa upole wa mtu anayemwelekeza mgeni, na yeye akakanyaga mafuta akisoma kila alichokumbuka tangu utotoni, akichanganya dua ya kulala na ya kula, huku kichwa kikimgonga, mawe yakipita, ukungu ukimfuata na baridi ikimteremka kutoka kisogoni hadi kiunoni, na katika yote hayo wazo moja tu likimzunguka, kwamba mama wa watu yuko kule juu peke yake, hana pumzi hata ya kupiga ukelele, na kwamba pengine alipiga, alijitahidi akapiga, na yeye alikuwa amefungulia redio.

Alifika kileleni akaruka nje bila kufunga mlango.

"Mama!" Hakuwahi kumpazia sauti maishani mwake. "Mama!"

Kutoka nyuma ya mawe akasikia kuhema. Alikimbia, hatua chache tu kifua kikakataa, akaendelea kwa kupepesuka. Shali la kijivu lilikuwa limeegemea jiwe. Kabla hajalifikia, kuhema kukasikika mgongoni mwake pia, mapigo yale yale, na shali jingine la kijivu likatokea katika ukungu. Akageuka. Akageuka tena. Kizunguzungu kikamshika, akaanguka kwa magoti, na alipoinuka wanawake wawili walikuwa wamesimama mbele yake, wote wanahema, naye hakujua tena nani alitoka garini na nani alitoka maweni.

Alikuwa na njia moja. Aangalie nyuso. Akainua macho mpaka magotini, mpaka viunoni, yakagoma. Ndipo ukweli ulipompiga, na ulimpiga kuliko hofu: hata angetazama, asingejua. Hakuwa anaijua sura ya mama mkwe wake. Alimjua kwa miguu, kwa pindo la gauni, kwa sauti.

Mmoja akapiga hatua, akamshika mkono. Alimshika kwa nguvu, kucha zikamwingia.

"Baba," alihema, "nishike... usiniache tena... mwanangu, nishike..."

Wa pili hakusogea. Alisimama mbali, akajifunika shali usoni, akainamisha kichwa.

"Haifai," akasema taratibu. "Twende, mkwe wangu."

Kamba iliyokuwa ikimkaza kichwa ilikuwa imefika kwenye akili. Fundi alifikiri kwa njia aliyofundishwa kufikiri. Mama mkwe wake, mama mwenye haya zake, amshike mkono? Amwite mwanangu, amng'ang'anie mwilini? Huyo hawezi kuwa yeye. Yeye ni yule aliyejifunika. Akauvuta mkono wake kwa nguvu zote, akamsukuma aliyemshika akasikia anaanguka, akakimbilia garini, na yule mwenye adabu alikuwa ameshaketi nyuma, anahema.

Walipoondoka, sauti iliwafuata kidogo, imekatika vipande. Fundi akafungua redio.

Walishuka. Masikio yalizibuka. Pakiti ya biskuti ikanywea. Maumivu ya kichwa yakamwachia, joto la bondeni likaingia dirishani, na mtu yeyote aliyetoka mlimani angekuwa sasa anapumua kama mtu aliyekaa barazani. Nyuma kulikuwa bado kunahemwa. Kwa mapigo yale yale, bila kupungua wala kuongezeka, kama mtu aliyejifunza jambo jipya na hataki kulisahau.

"Ni umri," fundi alijiambia. "Ni uchovu." Na kioo hakukigusa.

Wanaishi vyumba viwili na sebule nyuma ya karakana, na ua wao umejaa majokofu mabovu, milango imeng'olewa. Jua lilikuwa linazama walipoingia. Mkewe alitoka mbio mbio, kwa jinsi mwenye tumbo lile anavyoweza kukimbia, lakini mgeni alikuwa ameshashuka, amejifunika gubigubi, anapita ukutani kuelekea ndani.

"Kichwa," alisema akipita. "Mwanga unaniumiza. Nilaze."

"Pole, mama, pole. Nisubiri nikushike." Mkewe akamfuata chumbani, akafunga pazia, wala taa hakuwasha.

Fundi alibaki sebuleni na mkoba wa mama mkwe mapajani. Alimsikia mkewe akiongea kwa furaha gizani, habari za kliniki, habari za nguo za mtoto, na akasikia kule kuhema kukimjibu. Alitaka kuingia. Chumba alicholala mama mkwe? Akakaa.

Simu ya mkewe ilikuwa mezani, inachajiwa. Ikalia. Namba ngeni.

"Halo," sauti ya mwanamke ilisema, inakatikakatika. "Naongea kutoka mlimani, kwenye kibanda cha chai. Kuna mama hapa, dereva wa lori amemwokota kileleni. Namba hii ni ya binti yake, anaijua kwa kichwa. Mwenyewe hawezi kuongea sana, lakini yu hai. Wewe nani?"

"Mumewe," fundi alisema.

"Ni wewe," yule mwanamke akasema. Sauti ikashuka. "Baba, nani yuko humo ndani na mkeo?"

Kutoka chumbani mkewe alicheka kidogo. "Mama, mkono wako baridi hivyo! Uweke hapa tumboni, umsikie anavyocheza."

"Nifanyeje?" fundi akanong'ona.

"Mkamate mkono, umtazame, umtoe nje. Kinachomweka ni haya zako tu. Nenda!"

Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na siku hiyo msemo ule ulikuwa na mzazi halisi nyuma ya pazia. Fundi aliingia bila kubisha hodi. Katika kiza aliona kitanda, akaona mkewe amekaa, akaona umbo limelala ubavu, na mkono mrefu kutoka kwenye shali umetanda juu ya tumbo.

"Wewe! Mama kalala!" mkewe akafoka.

Akaukamata ule mkono. Ulikuwa na baridi ile ya chumba cha barafu, inayong'ang'ania ngozi. Kwa mkono wa pili akalivuta shali, na kwa mara ya kwanza fundi akamtazama mama mkwe wake usoni. Hapakuwa na uso. Palikuwa na kitu laini, cheupe, kama donge la unga uliokandwa ukaachwa, halina macho wala pua, kwa sababu chote walichokuwa nacho yeye na jini lile kuhusu sura ya yule mama kilikuwa ni hicho. Mdomo peke yake ndio uliokuwepo. Ulikuwa unahema.

Mkewe alipiga yowe. Fundi akaburuta. Alikiburuta kile kitu kutoka kitandani, kikapita sebuleni kikishika miguu ya meza, kikiita kwa sauti ya mama mkwe, "Mkwe wangu, haifai, haifai, watu wanatuona," na kweli walionekana, maana yowe lilikuwa limewatoa majirani wote, wakasimama langoni wakimwona Baridi, yule fundi mcheshi, anamkokota mama mkwe wake kwa mkono katikati ya majokofu mabovu, na mtu akapaza sauti, "Jamani, anamuua mkwe!", na fundi akasikia, akaona aibu, lakini hakuachia, akaendelea kukitazama pale ambapo uso ungekuwa, kutazama tu, mpaka mkono alioushika ukaanza kupungua uzito na mwishowe akabaki ameshika shali tupu, limelowa, linadondosha maji kwenye saruji.

Wapo majirani wanaosema waliona. Wapo wanaosema hawakuona isipokuwa mwanaume anayepigana na nguo. Mkewe alisimama mlangoni, ameshika tumbo.

"Mama yangu yuko wapi?"

Angeweza kuomba waingie ndani kwanza. Alijibu palepale, mbele ya wote. "Nimemwacha mlimani. Nilimrudia, akanishika mkono, nikamsukuma. Sikumjua. Sijawahi kumtazama."

Mkewe hakulia wala hakumtukana. Aliingia ndani, akasikika akizungusha ufunguo.

Kulipopambazuka fundi alikuwa kibandani. Mama mkwe alikuwa ameketi karibu na jiko, amefunikwa koti la kiume, vidole vimevimba kwa baridi. Fundi alipiga magoti, kisha akafanya alichopaswa kufanya siku ya posa. Akainua macho.

Alikuwa sura moja na mkewe. Paji lile lile, mwanya ule ule wa meno ya mbele, na nyusi zilizokutana kidogo katikati. Ni mkewe aliyezeeka, basi. Angeinua macho mara moja tu pale kileleni, angemjua hata katikati ya wanawake mia. Fundi akalia kama mtoto.

"Jana uliutupa mkono wangu," mama alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nilikwenda mbali mno nyuma ya mawe." Alihema, akapumzika. "Binti yangu anajua?"

"Nimemwambia. Na majirani wamesikia."

"Basi imetosha. Majuto ni mjukuu, na mjukuu mwenyewe yuko njiani. Niinue."

Akamwinua. Akamketisha mbele, pembeni yake. Akakigeuza kile kioo cha ndani, kikatazama nyuma kama vioo vya watu wengine. Mwenye kibanda alisimama barabarani akiwaangalia mpaka kona ikamficha.

Walivuka kilele bila kusimama. Ukungu ulikuwepo. Wote wawili walihema, na vioo vya mbele vikatanda mvuke, fundi akawa anavifuta kwa kitambaa. Waliongea kidogo. Mama aliuliza kama friji hukarabatiwa kweli au ni ujanja wa mafundi, fundi akacheka, akashangaa kwamba mama huyu ana utani. Wakaanza kuteremka. Joto likarudi, mvuke wa mbele ukakauka wenyewe.

Ndipo fundi alipotupa jicho kwenye kioo cha ndani.

Kiti cha nyuma hakikuwa na mtu. Lakini kwenye dirisha la nyuma, usawa wa mdomo wa mtu aliyeketi, palikuwa na duara dogo la ukungu. Likapanuka, likafifia. Likapanuka, likafifia.

Mama aliyafuata macho yake, akaliona. Aliunyosha mkono wake uliovimba juu ya gia, na fundi akaushika, asiuachie ila kubadili gia, akaurudia tena, kona baada ya kona, mpaka masikio yao yakazibuka na nyumba za bondeni zikaonekana, huku nyuma yao mtu akiendelea kuhema.